Edelmira Aliyeninyang'anya Wiki ya Amani

Edelmira Tapia hakuwahi kunikosea. Naanza na hilo kwa sababu najua mtaniuliza. Hakunitukana, hakuniibia, hakunisengenya kwa mtu. Ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu mkubwa, kwa hiyo sisi tunaitana mzazi mwenzangu. Lakini mwaka ule nilimchukia kuanzia mwezi wa saba mpaka Septemba, na chuki yenyewe ilikuwa wivu mtupu, wala siupaki rangi.

Mimi ni Arístides Buelvas, na hapa Palo Hondo sauti ni yangu. Wengine wana ng'ombe, wengine wana mashamba ya viazi vikuu, mimi nina pikipiki na spika mbili za tarumbeta nilizozifunga kwa waya nyuma ya kiti. Samaki wakifika asubuhi, ni mimi. Nguruwe wa mtu akipotea, ni mimi. Mtu akifa, kabla hata padri hajapata habari, jamaa wanakuja kwangu, nami napita mtaa kwa mtaa nikitaja jina lake lote, la ubatizo na la utani, na saa ya mazishi. Wapo wazee hapa wamenitamkia wazi kwamba wanaomba wafe kabla yangu, ili niwatangaze mimi na si mwingine.

Na Wiki ya Amani nilitangaza mimi, miaka kumi na moja mfululizo. Padri Ovidio na Mwalimu Ledis ndio walioipanga: Jumapili chungu kikubwa cha supu uwanjani mbele ya kanisa, Jumatatu watoto na vishada vyao, katikati ya wiki mpira wa vijana na kusomwa kwa majina ya waliouawa, Ijumaa ngoma na filimbi, Jumamosi matembezi ya mishumaa. Wao walipanga, mimi nikaita. Na watu walikuja, msidhani najisifu. Walikuja kutoka mitaa yote isipokuwa mmoja.

Mtaa huo ni La Loma, nyumba arobaini na kitu kule mlimani, ng'ambo ya kijito. Miaka yote hiyo hakushuka hata mtu mmoja. Nilipandisha pikipiki mpaka kwenye kona ya mwisho, nikaelekeza spika kwenye mabati yao, nikaita mpaka koo likawasha, wapi! Milango kimya. Mimi nilisema ni watu wa maringo. Padri akasema kwamba Wiki ya Amani bila mtaa uliofiwa kuliko yote ni karamu tu ya kula supu. Basi mimi nilikuwa na jambo moja nililolitaka duniani, nalo ni kusimama pale uwanjani Jumapili moja, niwaone La Loma wakishuka, na watu waseme: Arístides kawaita, wamekuja.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwezi wa saba wa mwaka ule kamati ya Wiki ilikaa kwenye ukumbi wa parokia, na padri akakohoa kile kikohozi chake cha kuleta habari mbaya.

"Mwaka huu La Loma tusiwaite kwa spika," akasema. "Edelmira atapita mlango kwa mlango."

Nikamtazama Edelmira. Kazi yake ni kuuza bollo, unga wa mahindi uliochemshwa ndani ya maganda yake, anabeba beseni kichwani tangu alfajiri. Sauti yake inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Huyo ndiye atangaze?

"Na bollo zake?" nikauliza. "Atauza, au atahubiri amani?"

"Vyote viwili, mzazi mwenzangu," Edelmira akanijibu. "Mwenye njaa hasikii."

Wakacheka. Nami nikacheka, lakini roho iliniuma.

"Haya," nikasema. "Ila wahenga walishasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Ndiyo maana wewe ukanunua pikipiki," akasema.

Loo! Mwalimu Ledis, mtu mzima na miwani yake, alilaza kichwa mezani kwa kucheka. Padri akajifanya kutafuta kalamu. Nilitoka pale uso umewaka, nikafika nyumbani nikakataa chakula.

Niwaeleze kidogo Edelmira ni mtu wa namna gani, maana wivu usioelezwa chanzo chake unaonekana wazimu. Mume wake alivuka mpaka kwenda Venezuela kutafuta kazi, akaishia huko. Amelea watoto wanne kwa beseni lile. Hajui kusoma vizuri, lakini anajua nani ana kisukari na asipewe bollo za nazi, nani kagombana na mkwe, nani anangoja simu ya mwana isiyokuja. Anaingia nyumba ya mtu bila kubisha, na mwenye nyumba anafurahi! Mimi nimeishi na watu hawa miaka arobaini na minane, nimewatangazia baba zao na mama zao, na nikisimama mlangoni kwao wananiuliza, "Nani kafa?"

Ikaanza ile safari yake ya kila siku. Jioni akimaliza kuuza, anavuka kijito, anapanda. Na mimi nikapata tabia ya kuharibikiwa na pikipiki pale kwenye kijito. Nafungua plagi, napuliza, nafunga, huku jicho langu likiwa juu. Wiki ya kwanza walimpa kahawa barazani. Wiki ya pili wakampa kiti. Wiki ya tatu nikasikia kicheko cha wanawake kimeporomoka kutoka kule juu mpaka kwangu, na plagi ikaniangukia majini.

"Leo pikipiki ina nini?" akaniuliza akishuka.

"Kabureta."

"Jana ilikuwa plagi."

"Pikipiki ni kama mwili, mzazi mwenzangu, leo kichwa, kesho tumbo. Wewe unazungumza nini huko na wale watu muda wote?"

"Mambo."

"Mambo gani?"

"Mengi. Hata wewe tunakusema."

Nilichukulia wananicheka. Usiku huo nilimwambia mke wangu Nubis kwamba Edelmira ana kiburi, na kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tungoje tu tuone. Nubis alikuwa anakunja nguo. Hakuniangalia.

"Arístides, ungekuwa mwanamke ningesema mmeibiana bwana."

"Nakuambia jambo la maana, unaniletea utani."

"Si utani. Unalitaja jina la Edelmira kuliko langu."

Wiki ya tano nikaona kitu ambacho sikukiamini. Mlango wa Bibi Petrona Salcedo ulifunguka. Bibi huyo hakuwa amefungulia mtu mwingine zaidi ya jamaa zake tangu msiba wa mwanawe. Hata padri aliibariki nyumba ile akisimama nje, njiani. Edelmira akaingia na beseni lake, mlango ukafungwa, akakaa humo saa mbili nzima. Mimi nilikaa kwenye jiwe mbu wakinila, nikihesabu. Alipotoka, bibi alitoka naye mpaka kwenye ua, akamshika bega. Mwanamke aliyekataa baraka za padri!

Ijumaa kabla ya Wiki, habari ikaenea sokoni: La Loma wanashuka Jumapili. Nyumba thelathini na moja zimekubali. Padri Ovidio alimkumbatia Edelmira mbele ya kanisa, na Mwalimu Ledis akaagiza chungu cha pili. Muuza nyama akaniona napita akapaza sauti, "Kaka, umesikia? Vikombe vya kahawa vimefanya kazi iliyozishinda spika zako!" Nikatabasamu.

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa nimeshapata hila yangu. Ilikuwa hivi: kama nikipanda La Loma Jumamosi hiyo nikaita, basi Jumapili wakishuka, nani ataweza kuapa kwamba ni kahawa na si sauti? Watakaokuja watakuja. Mimi nitakuwa nimeita. Hesabu ya mtoto, lakini niliiona ya busara sana.

Saa kumi jioni nikavuka kijito, nikapanda mpaka katikati ya mtaa, nikazima injini. Nikapuliza kipaza sauti, puh, puh. Nikatoa maneno yangu ya kazi, yale ninayofungulia kila tangazo, la samaki au la sherehe:

"Tokeni nje, watu wangu, tokeni nje! Kesho wote uwanjani! Asibaki mtu ndani! Asibaki hata mmoja!"

Mama mmoja alikuwa anaanika nguo. Aliachia shuka likaanguka matopeni, akamkwapua mtoto wake kwa mkono mmoja, akakimbilia nyuma ya nyumba. Nikasikia makomeo, komeo hili, komeo lile, mtaa mzima. Mzee Fidel, mtu wa miaka sabini na magoti mabovu, aliruka uzio akaingia kwenye mihogo ya jirani akalala kifudifudi. Nikaziona nyayo zake tu. Kisha kimya, na mbwa mmoja akinibwekea.

Hapa kuna jambo ambalo sijalisema. Nililiruka makusudi, kama nilivyoliruka miaka yote.

Miaka ishirini na miwili kabla ya siku hiyo, watu wenye bunduki walikuja kwangu asubuhi na mapema. Wakati huo nilikuwa na baiskeli na spika moja. Walijua kazi yangu. Wakasema, waite watu uwanjani, kuna mkutano. Mmoja akabaki na Nubis, mtutu umemwelekea, na binti yetu yuko mgongoni kwake. Nikaita. Sikuwa na maneno mengine, nikatumia yale ya kazi: tokeni nje, asibaki mtu ndani. Wawili walinifuata kwa miguu, mbali kidogo. Mitaa ya chini watu waliona buti wakakimbilia porini. La Loma njia ina kona, wao walinisikia kabla ya kuona. Wakatoka, wengine wakifunga vifungo vya mashati. Watu tisa hawakurudi nyumbani siku ile.

Baadaye mji mzima ulihama, na baada ya miaka mitano tukarudi mmoja mmoja. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mimi nikakichukulia kimya kile kuwa msamaha. Nikanunua pikipiki, nikaanza na samaki, na maneno sikuyabadilisha. Niliwahi kujiambia ni maneno tu ya kazi, kama seremala na nyundo yake.

Edelmira alikuja mbio kutoka chini, bila beseni, ndala zake mkononi.

"Zima! Zima hicho kidude, Arístides!"

"Nimeshazima."

Aliangalia ile milango, akaliangalia lile shuka kwenye matope. Akakaa chini, palepale njiani, akihema.

"Wiki sita," akasema. "Wiki sita, mzazi mwenzangu."

"Mimi nilitaka kusaidia."

"Usinidanganye. Nimekuona pale kijitoni kila siku na plagi yako. Unajua nilikuwa naomba nini huku juu? Kushuka kula supu walikubali wiki ya kwanza. Mlo mzuri nani anaukataa? Wiki tano zote zilizobaki nilikuwa nakuombea wewe."

"Mimi?"

"Wakubali kusimama uwanja mmoja na wewe. Nyumba kwa nyumba. Kuna wengine nimewarudia mara nne. Petrona alisema, sawa, nitakuja, na awepo, ila nisiisikie ile spika. Hilo tu. Bibi wa watu aliomba hilo tu."

Mtu mwema angelia. Mimi, niwaambie ukweli, kitu cha kwanza kilichonijia ni hasira.

"Nani alikutuma uniombee?"

"Hakuna."

"Wilmer, kaka yako, yumo katika wale tisa. Wewe uniombee mimi, kwa nini? Uonekane mtakatifu?"

Hapo ndipo aliponiangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu, si kwa chuki, ni kwa uchovu.

"Nimembatizia mtu mwanawe," akasema. "Undugu huo nitaurudisha wapi? Na siku ile nilikuwa nyuma ya uzio wako, Arístides. Nilimwona yule aliyesimama na Nubis. Hao wa La Loma hawakumwona. Basi nimekuwa nikiwaeleza."

Nilikaa chini karibu naye. Miaka ishirini na miwili ameijua siri yangu na hajawahi kunitoza chochote, na hata hilo likaniuma, kwamba ameniweza pia kwa kunyamaza.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza.

"Pikipiki iache kwako. Kesho alfajiri tunapanda tena, mimi na wewe. Utabisha wewe. Utasema wewe. Mdomo mtupu."

Tulianza kwa Mzee Fidel, kukiwa bado na umande. Nikabisha. Nikasema, "Ni Arístides. Jana nimewatisha kwa sababu ya wivu wangu. Na siku ile ni mimi niliyewaita, na sijawahi kusema pole." Nilidhani sauti ingenisaidia, ndiyo kazi yangu, lakini ilitoka ndogo, ya kukwaruza, mbaya kuliko ya Edelmira. Mzee Fidel alisikiliza, akafunga mlango taratibu. Nyumba ya pili hawakufungua kabisa. Ya tatu, mwanamume mmoja alitema mate, si usoni kwangu, pembeni. Ya nne wakampa Edelmira kahawa na mimi wakaniacha nimesimama, na Mungu anisamehe, hata asubuhi ile, hata katika hali ile, nikauonea wivu ule mvuke wa kikombe.

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Wengine walilia. Dada mmoja aliniuliza kama ni kweli habari ya Nubis na mtutu, nikasema kweli, akasema, "Ungetuambia basi, kaka. Ungetuambia tu." Jua lilipopanda tulikuwa tumefika kwa Bibi Petrona.

Alikuwa amekaa anamenya viazi vikuu kwa ajili ya chungu cha uwanjani. Nikaviona nikapata tumaini.

"Karibu, mwanangu, keti," akamwambia Edelmira. Kwangu akaelekeza kisu kwenye kizingiti. "Wewe simama hapo hapo nikuone."

Nikasimama. Nikaanza maneno yangu: ni Arístides, jana nimewatisha...

"Ngoja," akasema. "Mimi nimekungoja siku nyingi, na wewe unaweza kungoja kidogo."

Akamaliza kumenya kiazi alichokishika. Akakiweka ndani ya maji.

"Siku ile tulikuwa tumeshapata habari kwamba wale watu wako njiani," akasema. "Tulikuwa tumefunga vitu, tunataka kukimbilia mashambani. Deiver wangu alikuwa amesimama hapo ulipo wewe. Akakusikia. Nikamwambia, mwanangu, twende zetu. Akaniambia: 'Tulia, mama. Anayeita ni Arístides. Arístides hawezi kutuita pabaya.'"

Kisha akachukua kiazi kingine.

Miaka kumi na moja nilikuwa nangoja mtu wa La Loma aniambie kwamba sauti yangu inaaminika. Nilishika mwimo wa mlango. Sikuomba msamaha. Edelmira aliinuka, akawasha jiko la bibi kana kwamba ni kwake, akachemsha maji.

Saa nne tulishuka. Hawakuwa nyumba thelathini na moja. Walikuwa watu kumi na tisa, niliwahesabu, na kwa wale waliobaki ndani nalaumiwa mimi, si mwingine. Mzee Fidel alikuja na shati jeupe. Mimi nilitembea mwisho kabisa, nimebeba beseni la viazi, na hakuna aliyeniita wala kunifukuza. Pale uwanjani watu walipowaona wakanyamaza, kisha wakaanza kupiga makofi, na nikamsikia muuza nyama akisema, "Edelmira kawaleta!"

Ni kweli, aliwaleta. Bibi Petrona alikuwa mbele, anashuka ngazi za uwanja hatua moja moja, na mkono wake umeushika mkono wa Edelmira. Nikaukazia macho mkono ule, umekonda, una mishipa, bado una wanga wa viazi. Nilitamani ushike wangu. Miaka mitatu imepita, bibi hunisalimia tukikutana, hata juzi kaniuliza hali ya Nubis. Na kila Jumapili ananipita pale mlangoni mwa kanisa akiwa ameshikwa na mzazi mwenzangu, na kila Jumapili natamani.